Kutafuta fuwele za jongo katika ute wa goti, kwa hadubini ileile ya malaria

Swali: Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Daktari wetu mpya ameanza kutuletea maji ya goti na kuandika kwenye fomu "angalia fuwele". Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee wa miaka 61: goti limevimba ghafla usiku, joto la mwili nyuzi 38.2, yuriki asidi ya damu 5.9 mg/dL. Kwa namba hiyo nilidhani jongo imeshaondolewa kwenye hesabu. Daktari hakubali, ananiambia nisome kazi ya McCarty ya mwaka 1961. Hadubini yetu ni ya malaria na makohozi, haina kifaa chochote cha mwanga maalumu. McCarty alionyesha nini hasa, na je, tunaweza kukifanya hapa?

Jibu: Ndugu, daktari wako yuko sahihi, na mnaweza kukifanya. Ila kabla ya fuwele kuna jambo moja la haraka: goti moja lililovimba ghafla pamoja na homa huhesabiwa kuwa na bakteria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usaha ndani ya kiungo unaweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu. Kwa hiyo ute huo ungepaswa kupakwa rangi ya Gram, inayoonyesha bakteria, na kuoteshwa siku hiyohiyo, hata kama fuwele zingeonekana kwa wingi. Nitarudi hapo, kwa sababu fuwele na bakteria huweza kukaa goti moja.

Sasa McCarty. Mwaka 1848 Alfred Garrod, daktari wa London, alionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa jongo (gauti, kama wengi tunavyoiita) ina yuriki asidi kupita kiasi. Yeye mwenyewe alikwenda mbali zaidi, akasema chumvi ya asidi hiyo, yaani yureti, ikijikusanya kwenye kiungo ndiyo inayoleta uvimbe. Sehemu hiyo ya pili ya hoja yake ikapoa. Hata majaribio ya Max Freudweiler ya mwaka 1899, ya kudunga fuwele za yureti na kuona zinawasha uvimbe, yalisahaulika. Kilichobaki mikononi mwa madaktari ni namba ya damu, na kwa zaidi ya miaka mia moja wakawa wanapima jongo kwenye mshipa wa mkono wakati ugonjwa uko kwenye goti.

Mwaka 1961 Daniel McCarty na Joseph Hollander, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Philadelphia, walichapisha katika jarida la Annals of Internal Medicine kazi iliyo rahisi kuielewa: walitoa ute wa viungo vya wagonjwa wa jongo, wakauweka mbichi kwenye slaidi, wakautazama kwa hadubini ya mwanga uliochujwa kwa polaraiza, yaani filta inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Wakaona vijisindano vinavyong'aa, vingi vikiwa ndani ya chembe nyeupe. Kuona peke yake hakutoshi, kwa hiyo waliweka kimeng'enya cha yurikesi, ambacho huyeyusha yureti na si chumvi nyingine. Vijisindano vikayeyuka. Hapo ndipo utambuzi wa jongo ulipohama kutoka kwenye damu kwenda kwenye ute.

Kimeng'enya hicho ndicho kilichofungua mlango wa pili. Walikuwapo wagonjwa ambao kwa macho ya daktari walikuwa na jongo kamili, lakini fuwele zao hazikuyeyuka kwa yurikesi. Kufikia mwaka 1962 McCarty na wenzake walikuwa wameeleza ugonjwa mwingine, ambao fuwele zake ni za kalisi pairofosfeti, wakauita jongo bandia. Shika jina hilo, kwa sababu mzee wako wa miaka 61 mwenye goti anafaa ugonjwa huo kuliko anavyofaa jongo ya kweli: jongo hupenda kuanzia kidole gumba cha mguu, jongo bandia hupenda goti, na huonekana zaidi kwa waliovuka miaka 60.

Palibaki swali: je, fuwele ndizo zinazoleta uvimbe, au uvimbe ndio unaoleta fuwele? Mwaka huohuo wa 1962, James Faires na McCarty walijidunga wao wenyewe fuwele za yureti kwenye magoti, na saa chache baadaye wakawa na shambulio la jongo linalofanana kabisa na la mgonjwa. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet. Namna fuwele inavyoiwasha chembe ilieleweka baadaye sana: mwaka 2006 kundi la Jürg Tschopp huko Lausanne lilionyesha kwamba fuwele za yureti na za pairofosfeti huamsha mtambo mmoja ndani ya chembe, uitwao inflamasomu ya NALP3 (siku hizi NLRP3), na mtambo huo ndio unaotoa interlukini-1 beta, kemikali inayowasha uvimbe. Ndiyo maana jongo na jongo bandia huuma sawa na huvimba sawa, na ndiyo maana hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa kushika goti.

Turudi kwenye 5.9. Yureti huanza kushindwa kuyeyuka katika maji ya mwili ikifika takriban 6.8 mg/dL kwa nyuzi 37, na mahali penye baridi zaidi, kama kidole cha mguu, kiwango hicho hushuka. Lakini fuwele zinazowasha goti leo hazikuzaliwa leo. Zilijikusanya kwa miaka ambayo damu ilikuwa juu. Zaidi ya hapo, wakati wa shambulio figo humwaga yureti nyingi zaidi kwenye mkojo, na namba ya damu hushuka katika siku zilezile unapoipima. Rudieni kipimo wiki 2 hadi 4 baada ya uvimbe kuisha, hapo ndipo namba itasema kweli. Kinyume chake nacho ni kweli: watu wengi wana yuriki asidi ya 8 na hawajawahi kuumwa kidole. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye katika miezi miwili ya kwanza ya dawa, anayemeza pirazinamaidi, karibu kila mara atakuwa na namba ya juu, maana dawa hiyo huzuia figo kutoa yureti. Akilalamika viungo, mara nyingi ni maumivu tu bila fuwele. Usiandike jongo kwa sababu ya namba hiyo.

Haya, kazi yenyewe. Inaharibika kwanza kwenye chupa, kabla hata haijafika kwako. Chupa ya zambarau yenye unga wa EDTA, dawa ya kuzuia kuganda, inafaa kuhesabu chembe, lakini unga huo unaweza kubaki kama fuwele zako za uongo. Chupa ya kijani ni mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa kuna za heparini ya sodiamu, zinazofaa, na za heparini ya lithiamu, ambazo hutengeneza fuwele zinazong'aa. Rangi ya kifuniko ni ileile, soma lebo. Chupa ya okzaleti usiiguse. Njia salama kuliko zote ni tone lililotoka moja kwa moja kwenye bomba la sindano, bila dawa yoyote ya kuzuia kuganda. Mwambie daktari: akipata ute mwingi, agawe sehemu ya kuotesha kwanza, kisha ya kuhesabu chembe, na tone moja kwa fuwele. Akivuta goti likatoa kidogo sana, asitupe sindano. Ute uliobaki kwenye shingo ya sindano, ukisukumwa kwa hewa juu ya slaidi, unatosha kabisa kuona fuwele. Kwa kidole gumba cha mguu mara nyingi hicho ndicho mtakachopata.

Muda nao una maana. Fuwele za yureti hustahimili, hata kesho yake utazikuta. Za pairofosfeti hupungua ute ukikaa, na chembe nyeupe huanza kupasuka baada ya saa chache, kwa hiyo hesabu itashuka na utakosa kuona kama fuwele zilikuwa ndani au nje ya chembe. Tazama ndani ya saa moja au mbili ikiwezekana. Ikishindikana, weka kwenye friji ya nyuzi 4, si kwenye kigandisho.

Kuhesabu chembe kuna kosa moja linalorudiwa sana katika maabara zilizozoea damu: kutumia maji ya Turk, yale ya kuhesabia chembe nyeupe za damu. Yana asidi asetiki, na asidi hiyo hugandisha hayaluronati, kitu kinachoufanya ute unate. Utaona mabonge kwenye chemba ya Neubauer na chembe zimenaswa ndani yake. Punguza ute kwa salaini ya 0.9%, ongeza methilini buluu kidogo ukitaka kutenganisha chembe nyeupe na nyekundu. Chini ya 2,000 kwa maikrolita, goti halina uvimbe wa maana. Kati ya 2,000 na 50,000 kuna uvimbe. Juu ya 50,000 fikiria usaha, lakini usiufanye mpaka huo ukuta: jongo kali inaweza kuvuka 100,000, na usaha wa mapema, au wa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, unaweza kuwa chini ya 50,000.

Slaidi isafishwe kwa spiriti na kukaushwa kwa karatasi ya lenzi, hata kama imetoka kwenye boksi jipya, na kioo cha kufunikia vilevile. Vumbi hung'aa kwenye polaraiza kuliko yureti. Tumia kioo, kwani plastiki hupinda mwanga yenyewe na uwanja wote utajaa rangi. Tone moja dogo, funika, kisha ziba kingo kwa rangi ya kucha. Usipoziba, ute hukauka pembeni na chumvi zake hutengeneza majani mazuri ya fuwele yatakayokudanganya. Hata ukiziba, amini katikati zaidi ya kingo.

Anza bila polaraiza. Lenzi ya x40, si ya mafuta. Ifute kwanza, maana kwenye hadubini ya malaria karibu kila mara ina mafuta yaliyohama kutoka x100. Shusha kondensa na funga ayarisi mpaka chembe zipate kivuli. Katika mwanga huu wa kawaida yureti huonekana kama sindano nyembamba zenye ncha mbili, nyingine zimechoma chembe nyeupe kama kijiti kwenye mshikaki. Pairofosfeti ni vijiti vifupi vyenye ncha butu, au visanduku vilivyolala upande. Watu wengi hudhani polaraiza ndiyo inayozipata zote. Si kweli kwa pairofosfeti: nyingi hazing'ai kabisa au hung'aa kidogo mno, na anayeruka hatua hii huandika "hakuna fuwele" kwa mgonjwa mwenye jongo bandia. Kwa mzee wako hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kisha polaraiza. Unahitaji vipande viwili vya filta bapa ya polaraiza ya mstari. Filta ya kikokotoo kibovu chenye kioo cha namba inafaa, na lenzi za miwani ya jua ya polaraiza pia, japo zimepinda. Miwani ya sinema za 3D na filta nyingi za kamera ni za mduara, na hizo zitakusumbua. Kipande cha kwanza kiweke juu ya tundu la taa, chini ya kondensa. Kama taa yako ni ya halojeni, kiinue kidogo, joto litakikunja. Cha pili kiende kati ya slaidi na macho: legeza skrubu ya kichwa cha hadubini, kiweke kwenye shimo, rudisha kichwa. Kukiweka juu ya lenzi ya jicho kunawezekana, ila prizimu za kichwa huharibu giza kidogo. Zungusha kipande cha chini mpaka uwanja uwe mweusi. Sasa kila kinachopinda mwanga kitang'aa cheupe. Pitia kwa x10 kwanza ili kutafuta, halafu x40 kuthibitisha.

Kung'aa peke yake hakutoshi kutaja jina. Kompenseta, yaani kipande angavu kinachoupa uwanja mweusi rangi, ndiyo inayotaja, na hapa kuna ujanja wa mwaka 1974 ambao Fagan na Lidsky waliuchapisha katika Arthritis and Rheumatism: selotepu. Bandika tabaka mbili za selotepu angavu juu ya slaidi safi, zote kwa mwelekeo mmoja, bila mapovu. Iweke juu ya filta ya chini, izungushe. Ikifika nyuzi 45 dhidi ya filta, uwanja huacha weusi na kuwa na rangi. Unatafuta zambarau ya waridi. Ukipata kijivu au njano, badilisha idadi ya tabaka au aina ya selotepu. Ile ya ukungu inayoandikika kwa kalamu haifai, tafuta ile ya selofeni inayometa.

Kwenye uwanja huo wa zambarau, sindano ya yureti iliyolala sambamba na mhimili wa polepole wa kompenseta (mwelekeo ambao mwanga hupita polepole zaidi) ni ya njano, na iliyokaa msalaba na mhimili huo ni ya buluu. Pairofosfeti ni kinyume: sambamba buluu, msalaba njano, na rangi zake ni dhaifu. Shida ya selotepu ni kwamba hakuna aliyeandika mhimili juu yake. Kwa hiyo usikisie. Tafuta mgonjwa mwenye vinundu vyeupe vya jongo kwenye sikio au kiwiko, daktari achome kwa sindano, chokaa itakayotoka ipake kwenye slaidi, ikauke, ifunike. Hiyo ni yureti ya uhakika, na slaidi hiyo itadumu muda mrefu. Geuza slaidi mpaka sindano iwe njano, kisha chora mshale kwa kalamu ya wino kwenye kompenseta yako, sambamba na sindano hiyo. Mshale huo ndio mhimili wako kuanzia siku hiyo. Itazame slaidi hiyo kila asubuhi kabla ya kupokea sampuli; ikikosa rangi, kuna kitu kimesogea. Na kama kinundu kinapelekwa kwa mpatholojia, kiende kwenye spiriti isiyo na maji. Fomalini ina maji, huyeyusha yureti, na jibu litarudi bila fuwele.

Vinavyodanganya ni vingi, na vitatu vinarudi kila mara. Unga wa glavu ni wanga: viduara vyenye msalaba ndani yake, kama kitufe kilichoshonwa. Nyuzi za pamba na karatasi ni ndefu mno, na huwa juu au chini ya tabaka la chembe. Ukizungusha fokasi utaona haziko mahali pamoja na chembe. La tatu ndilo baya: mgonjwa aliyewahi kudungwa triamsinoloni au dawa nyingine ya steroidi kwenye goti. Fuwele za dawa hizo hung'aa sana, nyingine humezwa na chembe nyeupe, na zinaweza kubaki kwa wiki kadhaa. Huwezi kuzijua kwa hadubini kama hujui historia. Weka kwenye fomu yenu swali moja tu: "Je, amedungwa dawa kwenye kiungo hiki? Lini?" Vibao vikubwa vyenye kona iliyokatwa ni kolesteroli ya goti lililojaa maji muda mrefu; si jongo.

Kabla hujaandika "hazikuonekana", tumia dakika 5 hadi 10 na upitie angalau nyanja 30. Zungusha ute uliobaki kwenye sentrifuji na utazame mashapo yake. Mwite mwenzako atazame bila kumwambia ulichoona. Hata wasomaji wazoefu hutofautiana, hasa kwa pairofosfeti.

Na sasa lile la bakteria. Fuwele hazikingi kiungo dhidi ya bakteria. Kiungo kinachooza kinaweza hata kuachia fuwele zilizokuwa zimelala kwenye gegedu, zikaonekana kwa wingi siku ileile. Ukiandika "yureti nyingi" peke yake, daktari ataanza dawa za uvimbe, pengine steroidi, juu ya usaha. Ripoti itoke na Gram yake, na mstari unaosema kuotesha kunaendelea. Gram isiyo na bakteria haifungi hoja, kwani hukosa wengi. Mashapo ya sentrifuji yapake Gram, na ute wa kuotesha uingie kwenye chupa ya kuotesha damu kama mnazo. Kama ni kiungo kimoja kilichovimba kwa wiki nyingi bila haraka, fikirieni pia kifua kikuu cha kiungo, ambacho Gram haitakuonyesha.

Ripoti yenyewe iwe na maneno haya na si zaidi: wingi wa ute, rangi na uwazi wake, chembe nyeupe kwa maikrolita na asilimia ya nyutrofili, fuwele (umbo, rangi kwa mwelekeo wa mshale, ndani au nje ya chembe), Gram, hali ya kuotesha. Kama umetumia polaraiza bila kompenseta, andika "sindano zinazong'aa, zinazolingana na yureti", usiandike "yureti".

Kwa mzee wako: kama ute wa siku ile bado uko kwenye friji, utazame tena leo, kwanza kwa mwanga wa kawaida, ukitafuta vijiti vifupi. Ukikosa, haitakuwa ushahidi mkubwa kwa ute wa zamani. Mwombe daktari picha ya eksirei ya magoti yote mawili. Mstari mweupe mwembamba ndani ya gegedu, sambamba na mfupa, ni kalisi iliyojikusanya na unaunga mkono jongo bandia, japo kutokuwepo kwake hakuikanushi. Akirudi na goti limetulia, daktari anaweza kuvuta tone tena: fuwele za yureti mara nyingi hubaki kwenye kiungo kilichowahi kuvimba hata kisipouma, hivyo hamjachelewa. Yuriki asidi irudiwe wiki hiyohiyo. Ikithibitika ni jongo na akaanzishiwa alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki asidi, ndipo namba ya damu itakuwa na kazi yake halisi: kuishusha chini ya 6 mg/dL, yaani 360 maikromoli kwa lita, na kuibakiza huko mpaka fuwele ziyeyuke.